Bi Chapuchapu na Picha ya Pacha

Wifi yangu ana mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Mtaani wanamwita Bi Chapuchapu, naye hachukii, kwa sababu jina hilo ndilo linalomletea wateja. Ukiwa na safari saa nne na unataka picha za pasipoti saa tatu na nusu, humwendei mtu mwingine. Atakukalisha kwenye kigoda, atakuinua kidevu kwa kidole kimoja, taa itawaka, na kabla hujauliza kama ulifumba macho umeshapewa bahasha yako na mlango umeonyeshwa.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu na studio yake vinatenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo nasikia kila kitu, hata nisichotaka kusikia. Yeye ni mke wa kaka yangu, na mawifi mnatujua: tunapendana kwa vijembe. Mimi nikimwambia haraka haraka haina baraka, yeye hunijibu kutoka upande wa pili wa mbao, "Na ngoja ngoja huumiza matumbo, wifi. Lile gauni la bibi harusi limeisha?" Hapo mimi hurudi kwenye cherehani yangu, maana mara nyingi gauni huwa halijaisha.

Studio yenyewe si kubwa. Ina pazia la buluu kwa ajili ya pasipoti, pazia lenye maua kwa ajili ya familia, taa mbili zenye miavuli myeupe, na kompyuta mezani yenye feni inayokoroma kuliko mume wangu. Juu ya mlango kuna kibao alichokichora kaka yangu kwa mkono wake: TUNASAFISHA PICHA. Maneno hayo yametoka enzi za filamu, wakati picha ilipopigwa leo ukaiona wiki ijayo. Kaka alikuwa akiingia na filamu kwenye chumba cha giza, anaiogesha kwenye madawa, anaisuuza, anaanika picha kwenye kamba kama soksi. Ndiyo maana watu wakaita kazi hiyo kusafisha. Wifi alikuja kama mteja, akarudi kama mwanafunzi, akaishia kuwa mke. Mengine waliyofundishana ndani ya kile chumba cha giza mimi sikuyauliza.

Macho ya kaka yalipoanza kumgoma, wifi ndiye aliyeshika duka. Alinunua kompyuta, akatiliwa humo programu ya kurekebishia picha, akajifungia nayo wiki nzima, akatoka anaijua. Hakufundishwa na mtu. Hilo nalisema kwa fahari hata kama yeye mwenyewe hatalisikia kutoka kwangu. Kwa miaka kumi na mitano hakubadilisha programu hiyo. Alikuwa anafungua picha, anapitisha brashi, chunusi imetoka, jasho limetoka, mikunjo ya shingo imetoka, anabonyeza Hifadhi, anafunga. Nina picha yangu moja sebuleni aliyonitengeneza yeye. Nimependeza mpaka mume wangu akauliza ni ndugu yetu gani.

Sasa tatizo ni lile neno la pale kibaoni. Watu wazima wakimwambia "nisafishie picha hii," wanamaanisha aitoe kwenye karatasi. Vijana wakisema neno hilohilo, wanamaanisha awaondolee madoa usoni, na karatasi hawana haja nayo, wanaitaka kwenye simu. Mtu mwenye subira angeuliza, "Unataka nikutolee tu, au nikurekebishe?" Lakini kuuliza kunachukua nusu dakika, na wifi yangu nusu dakika kwake ni mteja mwingine.

Binti yake wa kwanza, anayesoma chuo, alimwonya. Alikuja likizo, akamwangalia mama yake akifanya kazi, akasema, "Mama, mbona unahifadhi juu ya picha ya mwanzo? Ukishafunga hapo, ile yenyewe ndiyo imekwenda. Siku moja utajuta."

"Tangu lini mteja akarudi kudai chunusi zake?" wifi akamjibu.

Tulicheka. Nasema tulicheka, kwa sababu na mimi nilikuwa pale nimeegemea mlango, na nilicheka kwa sauti kuliko yeye.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne asubuhi. Aliingia mama mmoja aliyevaa sare ya hoteli, ile ya wanaofua na kupiga pasi mashuka. Vidole vyake vilikuwa vyeupe nchani kwa dawa za kufulia. Alifungua kitambaa cha mkononi mara tatu, ndani kulikuwa na memori kadi ya simu, ndogo kama ukucha.

"Fundi, nisafishie hii moja tu," akasema. "Iko peke yake. Iwe kubwa, ya kutundika ukutani. Nitapita jioni nikitoka kazini."

"Jioni mbali, mama. Ungekaa kidogo tu ungeondoka nayo."

"Nimechelewa zamu," mama akasema, akatoka mbio.

Ilikuwa picha ya msichana wa miaka ishirini na kitu, anacheka, ameitazama kamera moja kwa moja. Kwenye shavu la kushoto, kuanzia chini ya jicho, alikuwa na kovu la kahawia. Wifi alilimaliza kabla birika langu la chai halijachemka. Aliniita nikaone.

"Njoo uone kazi, wifi. Alikuwa na kovu baya hapa. Niambie lilikuwa wapi."

Nilitazama, sikuliona. Nikasema shavu limekuwa kama yai. Akabonyeza Hifadhi mbele yangu, akaipeleka kwenye mashine, picha ikatoka kubwa, inang'aa. Tukaiweka juu ya meza ikauke.

Jioni mama wa hoteli alirudi. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye cherehani yangu. Nilisikia karatasi ikifunguliwa, halafu sikusikia kitu tena. Mtu akifurahia picha hupiga kelele, asipoifurahia hupiga kelele zaidi. Kimya kile kilinifanya niondoe mguu kwenye pedali.

"Huyu ni mwanangu mwingine," mama akasema.

"Mwingine vipi, mama? Si ndiye huyu uliyeniletea?"

"Nilikuwa na mapacha, fundi. Wamefanana mpaka meno. Mmoja amefariki mwezi wa tatu. Aliyefariki ndiye mwenye kovu. Umelitoa kovu, umenipa picha ya yule aliye hai. Huyo ninaye nyumbani. Asubuhi amenipikia chai."

Nilitoka dukani kwangu nikaenda kusimama mlangoni kwao. Wifi alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta. "Ngoja, mama, naipata, ile ya mwanzo naipata sasa hivi," alikuwa akisema, na vidole vinakimbia. Alifungua kadi. Picha iliyokuwa kwenye kadi ndiyo ileile, shavu kama yai. Alifungua pipa la taka la kompyuta. Alijaribu kurudisha nyuma, programu ikamwambia hakuna cha kurudisha. Alikuwa ameifungua moja kwa moja kutoka kwenye kadi na kuhifadhi papo hapo, kama anavyofanya siku zote. Nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona tangu aolewe na kaka yangu: mkono wake ulisimama.

"Ile yenyewe iko wapi?" mama akauliza.

Nitasema ukweli wangu. Pale mlangoni nilikuwa nikimwomba Mungu wifi adanganye. Angeweza kusema kadi ilikuja na hitilafu. Angeweza kusema kompyuta imepata virusi. Mama wa watu asingejua, na sisi tuna majina ya kulinda mtaani. Watu wanapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa kila siku, na wanashukuru.

Wifi akainuka kwenye kiti, akasimama mbele yake. "Nimeifuta, mama. Nimehifadhi yangu juu yake. Hukunituma nilitoe lile kovu, na mimi sikukuuliza. Kosa ni langu."

Mama hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali. Aliketi kwenye kigoda cha pasipoti, akatueleza polepole, kama mtu anayekunja shuka. Yule binti alikuwa hapendi kulionyesha kovu. Tangu mtoto, kila picha aliligeuza shavu, akatoa lile la upande wa pili, safi, na kwa upande ule mtu hawezi kujua kama ni yeye au ndugu yake. Nyumbani wana albamu mbili zimejaa, na kwenye nyingi yeye mwenyewe, mama mzazi, hubahatisha tu ni nani. Ile picha moja ndiyo pekee ambayo aliitazama kamera uso mzima. Alipigwa na pacha wake, kwa simu ya huyo marehemu mwenyewe, huko kazini kwao. Simu ilikuja kuharibika ikatupwa. Kadi ndiyo iliyobaki.

"Jumapili huyu aliyebaki anahamia mji mwingine, amepata kazi," akasema. "Nilitaka kabla hajaondoka niwatundike wote wawili, kila mmoja na fremu yake. Nikikaa peke yangu niwe nao. Sasa nitatundika mtu mmoja mara mbili?"

Aliiacha kadi mezani. Picha kubwa hakuichukua. Alipofika mlangoni aligeuka akasema, "Tafuta, fundi. Nitakuja Jumamosi." Hakusema kwa ukali, lakini kwa jinsi alivyosema, mtu hawezi kukataa.

Siku mbili zilizofuata sikumrushia wifi kijembe hata kimoja. Alifunga studio, jambo ambalo hakulifanya hata alipojifungua. Alikwenda kwa mafundi wa kompyuta watatu. Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema maji yakimwagika hayazoleki. Wa tatu alikaa na ile kadi mchana mzima, akafufua picha za viatu, picha za keki, picha ya paka wa mtu, zote zilizofutwa zamani. Ile moja hakuipata, maana haikufutwa tu, iliandikwa juu yake. Tulimpigia na pacha aliyebaki kuuliza kama aliwahi kutumiwa. Hakutumiwa. Hakuna aliyetumiwa.

Alhamisi binti wa wifi akapanda basi kutoka chuoni, akafika na begi mgongoni, wala hakusema "nilikwambia." Mtoto yule amelelewa. Aliketi kwenye kompyuta, akaifungua ile picha kwa njia nyingine ambayo mimi siijui, akapekua ndani ya faili lenyewe, na baada ya muda akaita, "Mama. Shangazi. Njooni."

Alitueleza kwamba simu inapopiga picha, huwa inaficha ndani ya faili kijipicha kidogo sana, cha kuonyesha tu kwenye orodha. Programu nzuri ukibadilisha picha hubadilisha na kile kijipicha. Ile ya mama yake ilikuwa ya kizamani na ya kivivu, haikukigusa. Kwa hiyo kijipicha cha mwanzo kilikuwa bado kipo. Kilikuwa kidogo kuliko stempu. Alipokikuza, uso wa binti wa watu ukawa miraba mitupu, na kovu lilikuwa miraba mitatu ya kahawia.

"Kinatuonyesha lilipokuwa," akasema. "Hakituonyeshi lilikuwaje."

"Kinatosha kuanzia," wifi akasema. "Nitalichora."

"Kwa programu hii? Ukikosea na ukahifadhi, utaandika juu tena. Sasa hivi hii picha safi ndiyo yote tuliyo nayo."

Wifi alitazama kibodi yake iliyofutika herufi. Najua alikuwa anafikiri nini, kwa sababu na mimi nina cherehani ambayo sitaki kuachana nayo. Mtu akiwa na kifaa miaka kumi na mitano, anakijua kwa vidole, na kuanza kingine ni kurudi darasa la kwanza mbele ya mtoto wako. Halafu akasema, shingo upande, "Haya. Nionyeshe hizo za kisasa."

Binti alimletea programu tatu. Akamweleza kwamba zinazofaa hazigusi picha ya mwanzo. Picha inakaa chini, na kila unachofanya kinakaa juu yake kwenye tabaka lake. Usipolipenda tabaka, unaliondoa, na picha ya chini iko vilevile. Wifi alisikiliza huku amekunja uso. Alielewa pale tulipofika nyumbani kwao kula, tukamweleza kaka. Kaka, ambaye siku hizi anatutambua kwa sauti, aliuliza swali moja tu. "Kwani hiyo ya chini si ndiyo negativu?"

Wifi alipiga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. Negativu, ule ukanda wa filamu! Enzi za chumba cha giza ulikuwa unaweza kuharibu karatasi kumi, ukaziunguza kwa mwanga, ukazitupa, negativu iko kwenye bahasha yake haina habari. Alikuwa ameishi na kitu hicho ujana wake wote, na kompyuta ilipoingia alikisahau kwa sababu hakikuwa tena kitu cha kushika mkononi. Mimi nilimwambia hata sisi mafundi wa nguo tunalijua hilo: unapiga bandi kwanza kwa uzi mweupe, mteja anajaribu, unafumua, unashikiza upya, na kitambaa hakina kidonda. "Sasa miaka yote hii wewe ulikuwa unashona moja kwa moja, wifi?" nikamwambia. Akaniambia ninyamaze nile. Nilifurahi, maana ndiyo mara ya kwanza kunijibu tangu Jumanne.

Ijumaa akachagua. Watu wengine huchagua programu kwa kusoma sifa zake. Wifi aliketi, akaomba picha yangu, ile ya sebuleni niliyopendeza, akasema, "Nitakutia masharubu." Alinitia masharubu kwa kila programu. Kisha alihifadhi, akafunga programu, akazima kompyuta kabisa, akaja dukani kwangu tukanywa chai, akarudi akaiwasha. Mtihani wake ulikuwa mmoja: je, masharubu yanatoka?

Programu ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko zote, kila kitu kinateleza, lakini mtandao ulipokatika ikakataa kufunguka, na ilitaka kulipwa kila mwezi kama mwenye nyumba. "Siku nimeshindwa kulipa, wifi atabaki na masharubu yake humo ndani?" akauliza. Ya pili ilikuwa ya kwenye simu. Hiyo haikungoja amri, ilininyoosha pua, ikanipunguza kidevu, ikanikodoa macho, na masharubu yakatoka na mdomo. Ya tatu ilikuwa ya bure, sura yake kavu, vitufe vimejaa kama duka la spea, na kompyuta ilikoroma mpaka tukaogopa. Lakini alipoiwasha upya, masharubu yalikuwa kwenye tabaka lake peke yake. Alibonyeza mara moja, yakatoka. Akabonyeza tena, yakarudi. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akicheka, na mimi niko pale naona uso wangu unaota na kunyolewa.

"Hii hii," akasema. Aliitwa na wateja wawili mlangoni akawafukuza. Mchana wote alijifunza, kidole kimoja kwenye daftari alilokuwa akiandikiwa na binti yake. Kabla ya chochote alinakili ile picha na kijipicha chake sehemu tatu.

Jumamosi mama wa hoteli alikuja na binti aliyebaki. Nilimwona nikashtuka, kwa sababu ilikuwa kama ile picha kubwa imeingia kwa miguu. Alikuwa mrefu, mkimya, amebeba mkoba kwa mikono miwili. Wifi aliwakalisha, akawaonyesha kijipicha, akawaambia bila kuzunguka kwamba ile ya mwanzo haipo na haitarudi. "Ninachoweza ni kulichora upya juu yake," akasema. "Litakuwa la mkono wangu, si la kamera. Nisikudanganye. Lakini wewe ndiye utakayeniongoza, na ukisema siyo, naliondoa. Ya chini haiguswi."

Mama alisogeza kigoda karibu na kioo cha kompyuta. "Anza."

Wifi akachora. Mama akatikisa kichwa. "Dogo." Akaliondoa, akachora tena. "Bado dogo. Na hukulitia rangi." Mara ya tatu lilikuwa kubwa kidogo, lakini kingo zake zilikuwa laini, zimefifia vizuri, kama kivuli cha jani. Hata mimi niliona kwamba lile halikuwa kovu, lilikuwa pambo. Mkono uliozoea kupendezesha watu miaka kumi na mitano ulikuwa unakataa kumuumiza binti wa watu. Mara ya nne jasho lilikuwa linamtoka wifi puani.

"Fundi, unamwonea haya," mama akasema.

"Nisamehe, mama. Niambie lilikuwaje hasa. Lilitokana na nini?"

Mama aliziangalia ncha za vidole vyake. "Ncha ya pasi," akasema. "Alikuwa na miaka minne. Nilikuwa napiga pasi nyumbani, nikageuka na pasi mkononi. Yeye alikuwa anakuja mbio kunikumbatia."

Feni ya kompyuta ilikoroma peke yake.

"Nilimharibia uso," mama akaendelea. "Ndiyo maana alikuwa anajificha kwenye picha. Maisha yake yote aliwaonea watu haya, kwa ajili yangu."

"Siyo hivyo, Mama." Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza pacha kusema tangu waingie. Alikuwa amesimama nyuma ya kigoda cha mama yake. "Hakuwaonea watu haya. Kazini alikuwa analitania mwenyewe, anasema ndicho kitambulisho chake, mimi sina. Mbona mimi nilimpiga hii na hakugeuka? Alikuwa anageuka picha ikipigwa na wewe, au akijua itakuja nyumbani. Aliniambia, Mama akiliona huacha kula."

Mama hakugeuka kumtazama. Aliendelea kukitazama kioo, lile shavu safi ambalo wifi alilitengeneza. Wifi alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta, na mimi nilikuwa nimeshika ukuta wa mbao.

"Nipe hiyo," mama akasema.

Wifi aliondoka kwenye kiti chake, kiti ambacho hata kaka yangu hakalii. Akafungua tabaka jipya, akamwonyesha: bonyeza hapa, shikilia, buruta. "Usiogope ukikosea, mama, tunafuta."

"Sitakosea. Nalijua."

Aliishika ile mausi kwa kiganja kizima, kama anavyoshika pasi. Alianzia chini ya jicho, akashuka polepole. Ukingo wa kushoto aliunyoosha. Wa kulia aliupinda, akasema hapo ndipo mtoto alipojivuta. Kati aliweka rangi nzito, akaacha doa dogo jeupe ambalo halikupona sawa. Halikuwa na uzuri wowote, na kila alipopitisha mkono yule msichana alizidi kujitokeza, akiwachekea hao hao waliokuwa wamekaa mbele yake, mpaka pacha akaziba mdomo kwa mkoba wake na kusema ndani yake, "Ni yeye. Mama, ni yeye."

Mkono wa wifi ulinyooka wenyewe kuelekea kibodi ili ulainishe ukingo. Niliuona. Na yeye aliuona, akaurudisha, akaukunja ndani ya kwapa.

"Nikutolee ukubwa gani, mama?" akauliza. "Uleule?"

"Mkubwa kuliko wote ulio nao," mama akasema, na mausi alikuwa bado hajaiachia. "Nataka niliangalie hili shavu mpaka nishibe."